Kopo la Makapi

Mlioniacha wiki jana nimekaa mlangoni pa mama yangu na sanduku la nguo, karibuni tena. Nimeshaingia ndani. Kwa mgeni anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nisimchoshe: nilizaa mtoto mmoja, nikamzika ana miaka mitano. Mume akasema nyumba imekuwa kimya mno, akaenda kutafuta kelele kwa mwanamke mwingine. Nikarudi kwa mama, mtunga shanga anayejulikana mji mzima, nikakuta macho yake yamefanya ukungu. Anaona mwanga na vivuli, basi.

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kazi yangu ni kulia tu, niache kuwaharibia watu chai ya asubuhi. Ndugu yangu, weka kikombe chini. Leo mambo ni mabaya zaidi, na safari hii sina mume wa kumlaumu.

Leo naungama.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi. Wiki tatu kabla ya hapo mama aliniita barazani akaniambia nimtafutie shanga nyeupe, zile ndogo kabisa za punje ya ufuta, na uzi mpya.

"Natunga mkufu," akasema. "Huu ndio wa kufungia kazi. Baada ya huu, sindano naiweka."

"Wa maua, Mama?"

"Wa maua. Thelathini na sita."

"Na za katikati nilete rangi gani?"

"Za katikati niachie mimi."

Hakusema mkufu ni wa nani. Sikuuliza. Nyumba ina bibi harusi, mama anatunga mkufu wa maua meupe, mtu mzima anauliza nini tena? Nikanunua na za rangi ya dhahabu kwa akili yangu mwenyewe, maana bibi harusi bila dhahabu ni bibi harusi gani.

Nikampangia visahani vitatu kwenye sinia. Kushoto nyeupe, kulia dhahabu, katikati makapi. Anayetunga shanga anajua makapi: zile zilizopinda, zenye tundu bovu, nene kuliko wenzake, zilizopauka. Unazichambua kabla hujaanza, la sivyo ua moja baya linaharibu mkufu mzima. Mimi naweza kuchambua huku nimesinzia. Vidole vyenyewe vinatupa.

Ua lenyewe halina siri kubwa. Unatunga nyeupe sita, unarudi kwenye ile ya kwanza upate kiduara, unaweka moja katikati, unapenya upande wa pili, unavuta. Basi, ua limefumba. Kazi yote iko kwenye kuvuta. Ukilegeza, ua linalala. Ukikaza mno, mkufu unajikunja.

Siku ya kwanza mama alitunga maua mawili kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Zamani angetunga mkufu mzima huku anakugombeza. Alipokwenda kujinyoosha baada ya chakula, nikachukua kazi yake nikaitazama mwangani.

Nyeupe ziko sawa. Lakini katikati ya kila ua kumekaa ushanga wa rangi isiyo na jina, si nyeupe, si nyekundu, rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Makapi matupu. Nikajua mkono wake umepotea njia, badala ya kwenda kulia unatumbukia kisahani cha katikati. Mama yangu huyu, aliyekuwa akiona uzi uliokatika kutoka ng'ambo ya barabara!

Ningemwambia? Mngemwambia ninyi?

Nikafumua. Nikaketi palepale nikatunga upya maua yake mawili, nikaweka dhahabu katikati, nikarudisha kwenye sinia kama alivyoacha. Zile mbovu nikazitupa kwenye kopo la makapi.

Kesho yake nikaondoa kabisa kile kisahani cha katikati. Mchana nikatazama: zimo tena, rangi ileile. Mwenye akili angejiuliza zinatoka wapi. Mimi nilifumua.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Asubuhi mama anatunga, mchana analala, mimi nafumua na kutunga upya. Saizi ni moja, kwa hiyo vidole vyake havikuweza kumwambia kitu. Nilijisifu kwa huruma yangu. Lakini nimesema naungama, kwa hiyo niseme yote: haikuwa huruma tupu. Miaka mingi mama ameniambia mkono wangu una haraka, maua yangu yamelegea, yamekodoa macho. Sasa nilikuwa natunga vizuri kuliko yeye, na ndani yangu kuna kitu kilikuwa kinacheka. Kicheko kichafu, lakini kilikuwapo.

Jumatatu jioni ya wiki ya harusi akapita mwalimu wa chekechea, yule anayekuja kila mwezi kuomba makapi ili watoto wake wajifunzie kuhesabu. Nikampa kopo zima.

"Leo umekuwa mkarimu," akasema.

"Chukua, mwalimu. Takataka tu hizo."

Takataka. Nililitamka hilo neno kwa mdomo wangu huu.

Alhamisi mchana mdogo wangu akaja kujaribu gauni. Mama alikuwa chumbani amelala. Yalikuwa yamebaki maua matano; tangu Jumanne mama alikuwa hajagusa sindano kwa ajili ya wageni wa harusi. Nikauinua mkufu, nikamwonyesha kwa mbwembwe zote, nikitegemea anirukie shingoni.

Hakuruka. Aliushika, akausogeza dirishani, akaugeuza.

"Dada. Hizi za dhahabu ni za nini?"

"Si za harusi yako? Au ulitaka za fedha? Acha kunitia wazimu, zimebaki siku mbili."

"Mkufu si wangu."

"Si wako?"

"Mimi wakwe wamenipa wa dhahabu ya kweli. Mama alijua tangu mwanzo." Akakaa kitandani na gauni lake, likakunjika lote, wala hakujali. "Dada, zile za katikati ziko wapi?"

"Zipi? Yale makapi?"

"Usiziite makapi!"

Alipiga kelele mpaka chumba cha pili mama akakohoa. Halafu mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo miaka minne hakuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kulisema mbele yangu.

"Zilikuwa za Somo."

Somo ndilo jina tulilomwita mwanangu nyumbani, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake. Mama akimwita "somo yangu", naye akijibu "naam, somo yangu", basi nyumba nzima ikamwita hivyo. Alipokufa nilipiga marufuku. Nilitoa nguo, nilitoa viatu, picha nilizigeuzia ukutani kisha nikazifungia. Shangazi mmoja alijisahau akalitaja siku ya arobaini, nikainuka nikaondoka na sahani yangu.

"Muongo," nikamwambia mdogo wangu. "Bangili ya Somo ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya kuwaka. Niliiona siku nesi alipoikata."

Niliiona, ndiyo. Mkono ulikuwa umevimba, walitaka kumwekea dripu, bangili inabana. Nesi akaingiza mkasi, shanga zikamwagika chini ya kitanda. Mwanangu alilia zile shanga kuliko sindano. Mama akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi akawa anaokota moja moja, na mimi nikamfokea mbele za watu, "Ziache! Mtoto anaumwa wewe unaokota shanga!" Usiku ule Somo akatutoka. Asubuhi mama alinifungulia kiganja anipe. Nikamwambia sitaki kuziona, kazitupe.

"Hakuzitupa," akasema mdogo wangu. "Alizitunga tena kwenye uzi mrefu akazivaa mguuni, chini ya soksi, ili usizione. Ameoga nazo miaka minne, Dada. Rangi imeliwa na sabuni."

Nikakumbuka soksi. Jua kali, watu wanajipepea, mama na soksi. Nilikuwa namtania: bibi una baridi ya uzee.

"Alipoona macho yanakwenda akaniambia, 'Nataka nimrudishie dada yako mtoto wake kabla sijashindwa. Akikaa mbele Jumamosi kama mama wa harusi badala yangu, maana mimi siwezi kutembea peke yangu, avae. Nitamwambia hapo hapo, mbele za watu, hataweza kukimbia na sahani.'" Mdogo wangu akacheka kidogo, halafu kamasi zikamshinda. "Kila asubuhi alikuwa anazitoa kwenye pindo la nguo yake. Alizifunga fundo. Hakugusa kisahani chako hata siku moja."

Vidole vyangu hivi. Mama anamtunga mtoto wangu asubuhi, mimi mchana namfumua namtupa kwenye kopo. Siku kumi na tano mfululizo.

"Nani analia huko?" Mama akauliza kutoka chumbani.

"Hakuna anayelia, Mama."

"Mbona nasikia kamasi?"

"Ni bibi harusi, Mama. Gauni linambana."

"Apunguze kula." Akatoka taratibu, mkono ukutani, akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha kiganja. "Leteni kazi yangu."

Mdogo wangu akamwekea mkufu mkononi. Mama akaanza kuupitisha kwenye vidole, ua baada ya ua, uso wake umeelekea mlangoni kwenye mwanga. Akatabasamu.

"Sikutaka kusema, mtaniona najivuna," akasema. "Lakini mkono wangu umerudi. Sikieni yalivyokaza. Hata nikiwa kijana sikukaza hivi. Macho yameondoka, mkono umerudi. Mungu ana mambo yake."

Akafungua fundo la pindo lake, akagusa zile zilizobaki. Tano. Zimelala pale, rangi ya maji ya nyama. Nilikuwa sijawahi kumtazama akitunga asubuhi hata siku moja, nilikuwa jikoni nikingoja zamu yangu ya kufumua.

"Naomba huo mkufu mpaka jioni, Mama," nikasema. "Kuna mahali uzi umechoka. Niukazie."

"Usiniharibie tu na haraka zako."

Nje ya mlango mdogo wangu akanishika kiwiko.

"Dada, sikiliza. Haoni. Vidole havijui rangi. Tukinyamaza, anamalizia zile tano, Jumamosi unavaa, unalia, anafurahi. Hatajua mpaka anaingia kaburini."

"Mimi je?"

"Wewe vumilia."

"Nimemtupa mara mbili yule mtoto," nikamwambia. "Ya tatu siwezi."

Chekechea iko mitaa miwili kutoka kwetu. Nilikwenda na ndala za mama, moja imekatika. Watoto walikuwa wameshaondoka, mwalimu anafagia. Darasani kuna vimeza vinavyonifika gotini na nyuzi za shanga zimening'inia dirishani, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe.

"Yale makapi, mwalimu. Nayataka."

"Yote?" Alinitazama kichwa mpaka miguu. "Si ulisema takataka?"

"Nilisema. Ni zile tu zilizopauka, zisizo na rangi."

Nikapita dirishani uzi kwa uzi. Za kijani, za njano, nyekundu, bluu. Watoto si wajinga, nani achukue isiyo na rangi? Nikainama. Nikaingia chini ya vimeza kwa magoti, nikawa napapasa kwenye nyufa za saruji, na hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe ya miaka minne iliyopita ikifoka: ziache! Nikaokota nne. Nilizijua kwa ile rangi yao ya maji ya nyama.

Mwalimu akaja akachuchumaa karibu yangu, ufagio mkononi.

"Dada, nyingine huzipati hapo. Kuna kabinti kangu kamoja, wenzake walikuwa wanazikataa, kenyewe kakazikusanya zote. Nikakauliza kwa nini unachukua mbaya? Kakaniambia, hazina mwenyewe. Nimekafungia bangili mimi mwenyewe. Hakavui hata kuoga, mama yake ananilalamikia."

"Anakaa wapi?"

Mwalimu akainuka, akapangusa gauni.

"Leo hajaja. Ana homa. Asubuhi wamempeleka hospitali, wodi ya watoto."

Wasomaji wangu, ile hospitali mimi nilikuwa naizunguka. Nikitaka kwenda sokoni napita njia ya mbali, mtu akiniuliza nasema nafanya mazoezi. Wodi ya watoto ina mlango wa kijani na ngazi tatu. Siku ile nilizipanda kwa mara ya kwanza tangu nilipozishuka mikono mitupu.

Sikwenda kumwona mgonjwa. Naungama na hilo pia. Nilikwenda kuchukua changu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno: mama, samahani, hiyo bangili ilitolewa kwa makosa, nitamtungia mwanao tatu nzuri zaidi, achague rangi. Nani angekataa?

Kitanda cha nne, upande wa dirisha. Kitoto cha miaka minne au mitano, midomo imekauka. Mama yake binti mdogo tu, kitenge amekifunga upande, anamshika mabega. Mkono wa kulia una pamba na plasta, mshipa umekataa. Wa kushoto nesi ameunyoosha, umevimba mpaka kwenye kiwiko.

Na kwenye kifundo cha mkono, bangili. Imebana, imezama kwenye nyama.

Nesi alikuwa ameshika mkasi.

"Usikate!"

Wodi nzima ikageuka. Sijui nilifikaje pale kitandani.

"Wewe ni nani?" nesi akauliza. "Ndugu wa mgonjwa?"

"Mimi... mimi ndiye mwenye shanga. Natunga shanga. Naweza kuifungua bila kukata."

"Hatuna muda wa mapambo hapa, mama."

"Dakika moja. Nakuomba dakika moja tu, dada yangu. Akizisikia zinamwagika atalia, na akilia mshipa utajificha. Najua. Niamini, najua."

Nesi akanitazama machoni, sijui aliona nini. Akateremsha mkasi.

Sindano yangu naivaa kwenye kola siku zote. Nikapiga magoti. Fundo la mwalimu lilikuwa fundo la kufungia gunia, na mkono wa mtoto unachoma kwa joto. Vidole vikataka kuvuta kwa nguvu. Nikasikia mama akiniambia haraka zako, haraka zako. Nikavuta pumzi. Nikaingiza ncha ya sindano katikati ya fundo, nikalilegeza kidogo kidogo. Mtoto hakulia. Alikuwa ananitazama kwa macho yenye homa.

Uzi ukaachia. Shanga zikateremka zote kwenye kiganja changu, zina joto lake. Ishirini na sita. Na nne za mfukoni, na tano za pindoni kwa mama. Ushanga mmoja umepotea moja kwa moja, lakini zilizobaki zimerudi. Nikafunga ngumi. Mwanangu nimempata, nikasema moyoni, nimempata, sasa niondoke.

"Asante, dada," mama yake akasema, machozi yanamtiririka. "Mungu akubariki. Hujui anavyozipenda."

Nesi akasogea na dripu, akaanza kupapasa mshipa. Nikasimama. Nikageuka. Kidole kikanishika pindo la gauni.

"Zangu," mtoto akasema. Sauti haina nguvu hata kidogo.

"Tulia, mwanangu, unachomwa kidogo tu," mama yake akamwambia.

"Nikipona," akasema, ananitazama mimi, hamtazami mama yake wala sindano, "utanirudishia?"

Nikafungua mdomo. Nyumbani mama yangu ameketi kwenye kiti chake, amefungua pindo, ananingoja.

"Mjibu, dada," mama yake akaninong'oneza. "Mjibu upesi, atulie, nesi ameshashika sindano."